Hija ya Sajini Jale

Kama ulitaka kumwona mtu mzima akishtuka mchana kweupe, ungekwenda sokoni Koboko, kule West Nile, miaka ile ya tisini, ukasimama nyuma ya kibanda cha Kamisi, fundi wa kanzu, ukaita kwa sauti: "Haji!" Mguu wake ungeruka kwenye cherehani, uzi ungekatika, naye angegeuka na tabasamu la kubandika. Watu walidhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani, jamani! Kilikuwa kitu kingine kabisa, na alikuwa nacho tangu aliporudi kutoka Makka, kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tuanze na Jale, maana hija ilikuwa ya Jale.

Sajini Jale wa Dranya, kijiji cha Koboko, alikuwa askari. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka alivua magwanda, akamchukua mkewe, aliyeitwa Afisa, na mtoto wao Lomoro, akavuka mpaka kuingia Sudan pamoja na nusu ya Koboko. Kamisi alikuwa katika msafara huo huo. Yeye hakuwa askari, alikuwa akishona nguo za askari tu, lakini siku zile waliokuja na bunduki hawakuuliza nani alivaa na nani alishona. Kambini wakajenga vibanda viwili vinavyotazamana, wakala sahani moja, na Afisa akazoea kumwita Kamisi shemeji. Kisha Jale akashikwa na ugonjwa wa tumbo, na dawa hakuna. Siku alipojua kwamba haponi, aliwaita wote wawili.

"Ngombe yangu iko kwa wajomba, upande ya Zaire," alisema. "Vita ikiisha, muuze. Mutafute mutu aende Makka kwa jina yangu. Mimi nimefanya mambo mingi katika hii jeshi. Nataka Mungu anione pale."

Wakamwahidi. Kamisi alilia siku ile kuliko mjane.

Amani iliporudi, Afisa alirudi Dranya kwenye kiwanja kilichoota nyasi kupita kichwa cha mtu. Akalima tumbaku na simsim, akawafuata wale ng'ombe mpaka Zaire, akawarudisha, na hakumgusa hata mmoja. Nyumba ilivuja, hakuuza. Lomoro alifukuzwa shule kwa kukosa karo, hakuuza. Kijana akaenda kupanda malori kama utingo, na mama yake akamwambia wazi: wale si ng'ombe wetu, ni njia ya baba yako. Hebu fikiri mwenyewe, mtoto wa pekee anaacha kalamu na mazizi yamejaa! Lakini ndivyo alivyokuwa Afisa. Akishasema, amesema.

Ng'ombe walipofikia kiasi cha kulipia safari, akamwendea Kamisi sokoni.

"Shemeji," akamwambia, "wewe unasoma Kurani, na wewe iko mutu ya Jale. Hao mahaji ya Arua mimi siwajui. Nani atalia kwa Jale pale Makka kama wewe?"

Kamisi aliitika kabla Afisa hajamaliza kusema, na wakati ule alikuwa na moyo safi. Tusimwonee. Alitoka nyumbani akiwa na nia ya kumpeleka rafiki yake mbele ya Mungu, basi.

Mambo yaliharibika Arua. Wasafiri wote wa West Nile walikusanywa msikitini siku moja kabla ya kuondoka, shehe awafundishe namna ya kuhiji. Shehe akaeleza vazi, akaeleza kuzunguka Kaaba, akaeleza kusimama Arafa. Kisha akasema, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, kwamba anayekwenda kuhiji kwa niaba ya mwingine sharti awe ameshahiji mwenyewe. Asipokuwa amehiji, hata akitaja jina la mwenzake mara elfu, hija ile inamrudia yeye aliyeifanya. Yule mwingine hapati kitu. "Kuna yeyote hapa anayemwendea mtu, anayekwenda kwa jina lake?" akauliza.

Kamisi alikuwa katika safu ya pili. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na pale pale ukabaki.

Kwa nini? Watu walikuja kumwuliza hivyo baadaye, na yeye alijiuliza kila siku. Asubuhi ile, njiani kwenda msikitini, wauza viatu walikuwa wamemsalimu: "Haji mtarajiwa, utuombee!" Na yeye, mwana wa mtu asiye na cheo, fundi wa vifungo na mikunjo, alisikia raha mpaka kwenye nyayo. Alijua Koboko mahaji ndio wanaokaa mbele. Wao huamua ugomvi, wao huozesha, wao wakikohoa watu hunyamaza. Na sasa anyooshe mkono arudi na basi la jioni, akashone mikunjo? Akajiambia atamwuliza shehe kwa faragha. Faragha ikapatikana, akamwuliza shehe habari za ndara.

Na mpaka hapo bado angeweza kutubu, makosa yalikuwa madogo. Kubwa alilifanya kwenye ndege. Kiongozi alipowaambia wanuie sasa, kila mtu aseme anahiji kwa ajili ya nani, Kamisi akafikiri upesi: kama hija itanirudia mimi tu, ya nini kumdanganya Mungu? Akanuia kwa jina lake. Huo ndio ujanja wa shetani, anakuibisha halafu anakusifu kwamba u mkweli. Siku ya Arafa, watu wote wakilia na mikono juu, Kamisi aliliombea duka lake, akauombea mgongo wake uliokuwa ukimwuma. Jua lilipozama ndipo alipomkumbuka Jale, na aliona haya hata kumtaja.

Aliporudi, Koboko ilitoka njiani kumpokea. Vigelegele, matari, watoto wakigusa kanzu yake. Afisa alisubiri watu wapungue, akaja akamshika mikono yote miwili.

"Umemfikisha?" akauliza.

"Nimemfikisha, shemeji," Kamisi akasema.

Maneno mawili hayo. Afisa akachinja ng'ombe wa mwisho kwa karama, chakula cha dua, akaita Dranya nzima, akatangaza kwamba kuanzia leo mume wake aitwe Haji Jale. Akalala usingizi, alisema mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kambini. Na kila walipokutana sokoni alimsimulia Kamisi ndoto zake, jinsi anavyomwona Jale amevaa nyeupe, amenenepa. "Ni wewe, Haji," alikuwa akisema. "Ni mikono yako." Kamisi alikuwa akimkatia kipande cha kitambaa bure, na Afisa alikuwa akikataa, na Kamisi alikuwa akirudi kwenye cherehani akiwa amelowa jasho.

Miaka ikaenda. Lomoro alitoka kwenye utingo akawa dereva, akatoka kwenye udereva akawa na lori lake, akibeba mizigo kati ya Ariwara, ng'ambo ya mpaka, na Arua. Mtoto yule aliyeacha shule hakumlaumu mama yake hata siku moja. Alipopata uwezo, jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia: "Mama, twende Makka, mimi na wewe." Afisa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, lakini alicheka kama msichana.

Na mwaka huo huo, shehe wa Arua alipougua, ni nani akaombwa awafundishe mahujaji? Haji Kamisi wa Koboko. Alikataa, wakamsihi. Alisema hajui, wakamsifu kwa upole wake. Alipoingia msikitini siku ya kwanza, Afisa alikuwa upande wa wanawake, amekaa mbele kabisa, ameegemea ukuta kwa ajili ya magoti, na uso wake unang'aa.

Siku za mwanzo zilipita salama. Kamisi alieleza vazi, alieleza mizunguko. Sharti lile aliliweka kando. Alijiambia kwamba hakuna anayemwendea mtu mwaka huu, kwa hiyo hakuna madhara. Ndipo akamsikia Adrabo.

Adrabo alikuwa mkulima wa Aroi, mtu mkubwa, sauti kama ngoma, mkweli kupita kiasi. Alikuwa akijifunza maneno ya nia kwa kuyarudia, na kila akiyarudia mwisho aliweka jina la mzee Anguyo.

"Anguyo ni nani?" Kamisi akamwuliza.

"Baba yangu, Haji. Alikufa mwaka jana. Ukoo umeuza ngombe, umeuza tumbaku yote. Wamesema mimi niende kwa jina yake."

"Na wewe umeshahiji?"

"Mimi? Mimi sijafika hata Kampala!" Adrabo akacheka, na watu wakacheka naye.

Siku ile Kamisi hakula. Aliketi nyuma ya msikiti akitazama birika la kutawadhia. Akikaa kimya, mzee Anguyo ataibiwa kama alivyoibiwa Jale, na safari hii pia mwizi ni yeye peke yake, maana Adrabo hajui lolote. Akisema, Afisa yupo pale mbele, na Afisa si mjinga. Akakata shauri la watu waoga: atamwambia Adrabo pembeni. Akamwita karibu na mabomba.

"Ndugu yangu," akamwambia kwa sauti ya chini, "huwezi kumwendea baba yako. Sharti uende kwanza kwa ajili yako. Ukienda sasa, hija itakuwa yako, mzee hapati kitu. Warudie watu wako, wamtafute mtu aliyekwisha kuhiji."

Adrabo akamkodolea macho. "Lakini Haji, wewe ulienda kwa Sajini Jale."

"Nani amekwambia?"

"Mama Lomoro! Mimi nilikuwa na wasiwasi, nilisema labda mimi si mutu ya kufaa. Yeye ameniambia, usiogope, hata Haji wetu alikuwa fundi tu, hakuwahi kwenda, na alimfikisha mume wangu mzima mzima. Ni yeye amenipa moyo." Akasimama akifikiri, paji la uso limekunjana. "Sasa mimi nishike gani? Nikirudi Aroi niwaambie siendi, watasema nimekula ngombe ya mzee. Useme mbele ya watu, Haji. Wasikie wote, hata jirani yangu aliye humu anisaidie kueleza."

Kamisi alitaka kumwambia kwamba yake ilikuwa tofauti, kwamba alipewa ruhusa fulani, na uongo ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye meno. Lakini alimtazama yule mtu wa Aroi, na miguu yake yenye udongo, na kile kitambulisho cha safari alichokifunga kwa kamba shingoni asije akakipoteza. Akachoka. Alichoka na nafsi yake, wallahi.

"Nitasema," akajibu.

Wakaingia. Watu wakakaa. Kamisi akasimama mbele yao, akawaambia kwamba kuna sharti moja hajalieleza, naye amechelewa kulieleza kwa makosa yake mwenyewe. Akalisema lote, neno kwa neno, kama alivyolisikia katika msikiti ule ule.

Hakumtazama Afisa. Alimsikia tu akihangaika na magoti yake, akijiinua kwa kushika ukuta.

"Haji," Afisa akasema. "Nina swali."

"Uliza, shemeji."

"Kabla ya kuenda kwa Jale, wewe ulikuwa umeshaenda?"

Kila mtu wa Koboko mle ndani alikuwa anajua jibu.

"Sikuwa nimekwenda."

"Na hii sharti, ulisikia lini?"

"Nilisikia hapa hapa. Siku moja kabla ya safari."

"Kabla." Afisa alipouliza tena, alikuwa akiuliza kwa upole, karibu kwa kumwombea. "Labda hukuelewa vizuri. Labda ulisema Mungu ataona nia. Pale Makka, ulimtaja Jale?"

Hebu ona, mama wa watu alikuwa anamfungulia mlango! Angesema neno moja tu, nilimtaja, nililia, na Afisa angeshika hilo na kwenda nalo nyumbani. Kamisi aliuona mlango ule, akautamani kwa moyo wote.

"Sikumtaja," akasema. "Nilijitaja mimi."

Lomoro alikuwa ameshasimama. Alikuja mbele akiruka magoti ya watu, ngumi imekunjwa, na Kamisi hakurudi nyuma, alitamani ile ngumi ifike. Lakini Afisa aliita jina la mwanawe mara moja tu, kijana akaganda.

"Kaa chini," Afisa akamwambia. "Somo haijaisha." Naye akajishusha polepole mpaka chini, akaweka mtandio wake sawa. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Endelea, Haji. Mimi ninataka kujua ya kwangu."

Kamisi akafundisha mpaka mwisho wa saa. Hakujua alichosema.

Adrabo alirudi Aroi na jirani yake, akawaeleza watu wake. Wakagombana, wakatukanana, halafu wakampata mzee mmoja wa Arua aliyekwisha kuhiji, akaenda kwa jina la Anguyo. Adrabo akabaki anapalilia muhogo. Alipopita Koboko alimwinamia Kamisi kwa heshima na kumshukuru, na shukrani ile ilimwumiza Kamisi kuliko tusi.

Maana matusi hayakuja. Hilo ndilo lililomtesa. Alidhani watu watamzomea, watamvua cheo, watamwita Kamisi mwizi wa hija. Wachache walinong'ona, wengi walisema mtu aliyekiri hadharani vile ni mcha Mungu wa kweli, na sokoni wakazidi kumwita Haji. Akauza cherehani zote mbili. Akauza kibanda, na kiwanja cha nyuma ya nyumba alichoachiwa na baba yake. Mkewe alilia, kisha akamsaidia kufunga mizigo. Shauri lake lilikuwa moja: sasa ameshahiji, sasa sharti limetimia, basi ataenda tena, na safari hii kwa jina la Jale tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Lilikuwa ndilo kitu pekee kilichomwezesha kula.

Afisa na Lomoro waliporudi, Dranya ilifanya karama. Kamisi alikwenda kwa miguu, amebeba fedha zake ndani ya kitambaa. Aliwakuta watu wamejaa uani, mikeka imetandikwa, masufuria yanatoa moshi. Afisa alikuwa amekaa kwenye kiti, amepungua mwili, na wanawake wanamwita Hajati mara kwa mara kwa raha ya kulisema neno lenyewe.

Kamisi akapiga magoti mbele yake, akaweka kile kitambaa juu ya mkeka.

"Shemeji," akasema, "nimeuza kila kitu. Sasa naweza kumwendea, sharti limetimia. Nipe ruhusa nimpeleke Jale."

Afisa akakitazama kitambaa. Hakukigusa.

"Lomoro ameshahiji mwenyewe," akasema. "Mwaka ujao, Mungu akipenda, ataenda kwa baba yake. Tumeshapanga, tulipanga huko huko."

"Lomoro ana lori la kulisha, ana watoto. Niachie mimi. Nimekosa, nakuomba unipe nafasi hiyo tu."

"Hapana, Haji."

Alisema bila ukali. Uso wake ulikuwa umetulia, na Kamisi akaona kwamba alikwisha kulifikiri jambo hili kwa muda mrefu, labda Arafa penyewe, jua likiwa kali, na kwamba hatabadilika.

"Basi mnivue hili jina," Kamisi akasema, na sasa alikuwa analia mbele ya watu, mtu mzima. "Waambie watu wasiniite tena. Niite Kamisi."

"Nani akuvue?" Afisa akamwuliza. "Wewe mwenyewe umetufundisha, asiyehiji akimwendea mwingine, hija ni yake. Mimi nimeuliza mashehe pale Makka, wote wamesema vile vile. Ile hija ni yako kabisa. Mungu amekuandikia. Ngombe ya Jale, shule ya Lomoro, yote imekuwa hija yako, na hakuna mutu anaweza kurudisha." Akamwinua kwa mkono, akampa kile kitambaa chake, akamfunga vidole juu yake. Kisha akageuka kwa watu waliokuwa karibu na masufuria.

"Mumpe Haji maji ya kunawa," akasema.

Wale waliokaa kwenye mkeka wa mbele, mahali pa mahaji, wakasogea upesi kwa heshima, wakamwachia nafasi katikati. Kamisi akanawa, akaenda akakaa.